Muulizaji Asiyesema Anataka Nini

Mwanamke huyu alikuwa na majina mawili, na yote mawili yalimchosha.

Kazini aliitwa Koma. Lilianza kama utani, siku ambayo mfumo mzima uligoma na watu wakahangaika asubuhi nzima kutafuta kosa. Yeye ndiye aliyeliona: koma moja imesahauliwa katikati ya mistari mingi ya programu. Akapiga kelele, "Koma!" Jamaa wa meza ya pili, aliyekuwa akipiga mluzi, akadhani anafokewa na kuambiwa aache. Akanyamaza ghafla, akaomba radhi. Ofisi nzima ikaangua kicheko, na jina likaganda hapo hapo.

Nyumbani aliitwa Mama Pacha, kwa ajili ya mabinti zake wawili waliokuwa shule ya bweni. Jina hilo alilipenda, lakini siku hizi lilipoitwa ilikuwa ni kwa sababu kuna kitu kinatakiwa. Mama Pacha, dawa ziko wapi. Mama Pacha, wanao wanataka kuongea nawe. Mama Pacha, wifi yako anauliza kama tumekula.

Kazi yake ilikuwa kufungasha majibu. Kampuni yao ilitengeneza mfumo wa foleni za hospitali: nani aingie sasa, nani afuate, akalie kiti gani. Habari yenyewe ni moja tu, imekaa kwenye seva, ile kompyuta kuu ya kampuni. Wanaoiuliza ndio wasiofanana. Simu za kisasa zinataka jibu la JSON, lile lenye mabano yaliyopinda kama masharubu. Kompyuta za zamani za mapokezi zilizoea XML, ambayo kila neno linabandikwa lebo mbele na nyuma kama sanduku la msafiri. Watu wa takwimu wao wanataka mistari mitupu ya kumwaga kwenye jedwali. Kwa hiyo kila ombi linapoingia huwa limeandikwa juu yake aina ya jibu linalotakiwa. Fremuweki, yaani ule msingi wa programu ambao Koma na wenzake walijenga juu yake, husoma maandishi yale, humtafuta mfungashaji anayefaa, na kumkabidhi habari aifunge inavyotakiwa. Wafungashaji wote wale aliwaandika Koma, mmoja baada ya mwingine, enzi zile bado ana nguvu.

Na muulizaji asiposema anataka nini? Hapo fremuweki humchukua mfungashaji aliyetangulia kwenye orodha. Asiyechagua hupewa kilicho karibu. Na aliyetangulia, tangu siku ya kwanza, alikuwa wa XML, kwa sababu tu ndiye Koma aliyemwandika kwanza.

Mwaka juzi figo za mumewe ziligoma. Baba Pacha alikuwa fundi wa lifti, mtu wa kupanda juu ya majengo na kushuka akiimba. Ugonjwa ukamkuta, miguu ikamvimba, pumzi ikawa haba. "Maisha yangu yote nimepandisha watu ghorofani," alikuwa akisema akipumzika kwenye ngazi, "leo vidaraja vitatu vinanitoa jasho." Akaanza kwenda kusafishwa damu mara tatu kwa wiki. Mama Pacha akaomba kazini aruhusiwe kumpeleka asubuhi na kufidia saa zake jioni. Bosi alikubali shingo upande.

Tangu hapo hakulala vizuri. Alilala usingizi wa mang'amung'amu, sikio moja kwa mgonjwa, jingine kwa simu ya kazini. Akawa anasahau maneno. Siku moja alisimama mbele ya jokofu lililo wazi, asijue amefuata nini, mpaka Baba Pacha akamwuliza kama anatafuta hewa.

Basi ikafika siku bosi alipowaita wote mezani. Bosi hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu wa haraka, mwenye kikohozi kisichopona, na wakubwa wake nao walikuwa wamemkalia kooni.

"Tunahamia toleo jipya la fremuweki," akasema. "Na tukihama, hatubebi makorokoro. Hiyo XML tunaiacha. Kompyuta za mapokezi zote zimeshabadilishwa. Si kweli, Koma?"

"Zimebadilishwa," Koma akajibu. "Ila kuna muulizaji mmoja simwelewi. Anakuja kila dakika, mchana kutwa, kutoka mojawapo ya vituo vya kusafisha damu. Hasemi yeye ni nani. Hasemi anataka jibu la aina gani. Tunampa XML kwa kuwa ndiyo ya kwanza."

"Ana umuhimu gani?"

"Hilo ndilo nisilolijua."

"Pengine ni kompyuta imesahauliwa stoo, haijazimwa," bosi akasema, akakohoa. "Tukianza kumngoja kila mzimu, hatutahama mwaka huu."

Watu wakacheka. Koma alitaka kusema, nipeni siku mbili niwapigie simu vituo vyote. Maneno yalimfika mdomoni kabisa. Lakini kuwapigia simu ilikuwa kazi nyingine, na kazi nyingine ingemwangukia yeye, na keshoye ilikuwa siku ya kumpeleka Baba Pacha. Akayameza. Alasiri ile ile akamfuta mfungashaji wa XML kwa mkono wake, na orodha ikaanzia kwa JSON. Walipoachia toleo jipya jioni, walikagua simu, wakakagua mapokezi, kila kitu shwari. Hata yule asiyejulikana aliuliza, akajibiwa, hakulalamika. Kwa upande wa seva, jibu lililofika ni jibu lililofika.

Asubuhi Mama Pacha alimshika mumewe mkono, wakaenda kituoni kama kawaida. Ni jengo la chini lenye korido ndefu, na mwisho wa korido kuna chumba cha kungojea: viti vya plastiki vilivyofungwa safu safu kwa vyuma, feni inayozunguka kwa kusitasita, mlango wa vioo wa kuingilia kwenye mashine. Juu ya mlango kuna ubao wa taa nyekundu unaoonyesha namba za wagonjwa na viti vyao. Alikuwa amekaa chini ya ubao ule asubuhi nyingi asizoweza kuzihesabu. Hakuwahi kuufikiria. Ulikuwepo tangu zamani, kabla kampuni yao haijaleta mfumo wake. Ulinunuliwa kwa watu wengine kabisa, naye aliamini unalishwa na kompyuta ya nesi kwa waya.

Kabla hawajafika chumbani walisikia kelele. Watu wamesimama, kila mmoja anauliza, hakuna anayejibu.

"Leo kuna nini?" Baba Pacha akauliza.

"Huo ubao umeingiwa na pepo," mzee mmoja akajibu, akionyesha kwa kidole.

Mama Pacha akatazama juu. Badala ya namba, taa nyekundu zilikuwa zimeandika mabano yaliyopinda, alama za kunukuu, nukta pacha, neno "kituo", neno "toleo", halafu mstari ukakatika ukingoni mwa ubao. Namba za wagonjwa zilikuwa huko mbele zaidi, yasikofika macho ya mtu.

Yale mabano aliyajua kama mtu anavyoujua mwandiko wake mwenyewe. Huyo ndiye muulizaji wake. Kumbe ubao huu mkongwe uliunganishwa na seva yao, nao ulijua XML tu. Kila dakika ulikuwa ukiuliza bila kusema unataka nini, miaka yote ukipewa ulichokizoea, na leo umepewa kitu usichoweza kukisoma, ukakibandika hivyo hivyo juu, mbele za watu.

"Mbona umesimama?" Baba Pacha akamwambia. "Tukae, miguu inaniuma."

Akamkalisha. Akabaki kasimama.

Mlango wa vioo ukafunguka, nesi mkuu akatoka, mwanamke mnene mwenye sauti ya kukwaruza. Ndani alikuwa na wauguzi wawili tu na mashine zote zimejaa. "Kama hujaona namba yako, uliza!" akasema kwa nguvu. "Mfumo unawaruka! Ukiitwa usipokuja, kiti anapewa anayefuata!"

Hapo ajuza mmoja wa safu ya mbele, aliyejifunika shali ya kijivu, akajikongoja kusimama. Alikuwa peke yake. Masikio yake yalikuwa mazito, kwa hiyo kila siku alikaa pale pale, macho kwenye ubao, mikono mapajani.

"Mwanangu, mimi bado?" akauliza.

Nesi akatazama kishikwambi chake, uso ukamshuka. "Bibi, umeshaitwa. Kiti chako amepewa mwingine. Imebidi uwekwe zamu ya mchana."

"Unasemaje?"

"Zamu ya mchana, bibi! Mchana!"

Bibi akaelewa. Hakupiga kelele. Akakaa polepole, akasema kama anajisemea, "Kijana wa gari aliyenileta ananifuata saa sita. Baada ya hapo hana nafasi." Vidole vyake vilikuwa vimevimba, na pete imezama kwenye nyama.

Mama Pacha aliinama kwa mumewe, akanong'ona, "Ni sisi."

"Nyinyi nani?"

"Ofisini. Tumebadilisha majibu jana. Huo ubao haujui kusoma ya sasa. Niliyaona maswali yake kwenye kumbukumbu za seva, nikauliza, nikanyamazishwa. Hapana. Nilinyamaza mwenyewe. Nilikuwa nimechoka."

Baba Pacha alimtazama. Macho yake yalikuwa na weupe wa njano, lakini bado yalikuwa macho ya fundi. "Lifti ikikwama na watu ndani," akasema, "kwanza unawatoa watu. Mengine baadaye."

Halafu akainua mkono. "Sista! Namba yangu inafuata, sivyo? Mpe bibi kiti changu. Mimi nitakuja mchana."

"Baba Pacha!" mkewe akasema. "Ulivyovimba hivyo?"

"Nimevimba, lakini nina mke wa kukaa nami mpaka jioni. Yeye ana nani?"

Mama Pacha alikasirika. Alikasirika kweli kweli, na hakujua amkasirikie nani. Kungoja mpaka mchana maana yake ni siku nzima kupotea, bosi kununa, na mume kuhema usiku. Lakini nesi alikuwa ameshamshika bibi mkono, na bibi alikuwa akipita mbele yao, ametulia, hajui chochote kuhusu JSON wala XML. Akamgusa Baba Pacha begani. "Ubarikiwe, mwanangu," akasema kwa sauti kubwa ya watu wasiosikia.

Mama Pacha akamfuata nesi mpaka mlangoni. "Sista, huu ubao umeharibiwa na kampuni yetu. Mimi ndiye niliyegusa."

Alitegemea afokewe. Nesi alimkodolea macho, macho mekundu ya mtu aliyeunganisha zamu mbili. "Unaweza kuurekebisha?"

"Naweza. Si sasa hivi. Lazima ruhusa itoke."

"Basi wakati unangoja hiyo ruhusa, nisaidie kuita. Mimi sauti imekwisha."

Ndivyo ilivyokuwa. Mama Pacha alifungua foleni kwenye simu yake, akasimama chini ya ubao, na kila namba ilipobadilika aliisoma kwa sauti. K kumi na saba, kiti cha nne. K ishirini, kiti cha kwanza. Wasiosikia aliwaendea, akawashika mkono. Mzee yule wa pepo akaanza kumsaidia kurudia namba kwa watu wa nyuma, na alizirudia kwa madaha kama mtangazaji wa mpira, watu wakacheka kidogo.

Katikati ya namba alimpigia bosi.

"Yule mzimu nimempata," akasema.

"Mzimu gani tena?"

"Asiyesema anataka nini. Ni ubao wa foleni, kituo cha kusafisha damu. Niko chini yake sasa hivi. Hausomeki. Wagonjwa wanarukwa."

Bosi akakohoa. "Basi tutalijadili kwenye kikao cha saa nane. Huwezi kuachia toleo katikati ya siku bila..."

"Subiri kidogo," Koma akamkatiza, akaishusha simu, akapaza sauti, "K ishirini na tatu! Kiti cha sita! Nani K ishirini na tatu?" Mzee akarudia. Mama mmoja akainuka na mkongojo wake, plastiki ya viti ikagongana. Koma akairudisha simu sikioni. "Umesikia? Hiyo ndiyo kazi ya seva yetu. Leo naifanya mimi kwa mdomo."

Bosi akakohoa tena, mbali na simu.

"Mume wako yuko hapo?" bosi akauliza, sauti imelegea.

"Yuko. Ametoa kiti chake."

"Fanya. Nitajibu mimi huko juu."

Akamwachia mzee simu aendelee kusoma namba, naye akakaa kando ya mumewe na kompyuta mapajani. Kazi yenyewe haikuwa ngumu, na hilo ndilo lililomuuma zaidi. Alimrudisha mfungashaji wa XML kutoka kwenye toleo la zamani, akamrekebisha kidogo aelewane na fremuweki mpya. Kisha, kwa maombi yale ya foleni, akamweka tena mbele ya orodha, ili asiyesema anataka nini apewe kile alichopewa siku zote. Anayetaka JSON akiitaja, apewe JSON. Na anayetaja kitu ambacho hawana, aambiwe wazi kwamba hawana, asitupiwe chochote kilicho karibu. Alikosea mara mbili kwa uchovu, akaandika jina la faili kinyume, akafuta, akaandika tena. Baba Pacha aliegemea bega lake, mzito, akihema.

Alipoachia marekebisho, chumba kizima kilikuwa kikitazama juu, maana mzee alikuwa amewatangazia kwamba pepo anatolewa. Ubao ukamaliza dakika yake, ukauliza, ukajibiwa. Mabano yakatoweka. Zikaja namba, nyekundu, zimepangana, kila moja na kiti chake.

Mtu mmoja akapiga makofi mawili, akaacha. Wengine wakakaa tu. Walikuja pale kusafishwa damu, si kushangilia.

Mchana kituo kilipoa. Baba Pacha alipata kiti, akaunganishwa na mashine, akafumba macho. Bibi wa shali alikuwa ameshaondoka na gari lake. Hakuaga, labda hakuwaona. Mama Pacha alirudi ofisini wiki ile akiwa hoi, akamwambia bosi mambo mawili. La kwanza, XML haitoki mpaka yeye mwenyewe apige simu kila kituo na kuuliza nani anaisoma. La pili, yeye hawezi tena kubeba ile simu ya kazini ya dharura kila siku, atafutiwe wa kupokezana naye.

"La kwanza sawa," bosi akasema. "La pili nitaangalia."

Aliangalia muda mrefu. Koma alimkumbusha, akamkumbusha tena, mpaka siku moja aliiweka simu ile ya dharura juu ya meza ya bosi, kimyakimya, akaenda zake kukaa. Bosi aliitazama jinsi inavyoitaita. Juma lililofuata jamaa wa mluzi alipewa zamu za katikati ya wiki. Alinung'unika, lakini alizifanya.

Kituo nacho kilichelewa kubadilisha ubao, lakini hatimaye kilileta mwingine mpana, ambao kila ukiuliza husema waziwazi kwamba unataka JSON. Koma alipiga simu kituo hadi kituo, akajibiwa na watu wenye subira na wasio na subira, kisha akamfuta mfungashaji wa XML kwa mara ya pili. Hakusikia furaha wala huzuni. Alikunywa maji, akaendelea na jingine.

Figo za Baba Pacha hazikurudi. Waliendelea kwenda, siku zile zile, korido ile ile. Ila sasa, siku za katikati ya wiki, Mama Pacha hakuwa na simu ya kuitazama. Mara ya kwanza hakujua aifanyie nini mikono yake. Aliushika mkoba, akauachia, akakunja leso, akaikunjua.

Nesi mkuu alipopita baadaye kukagua mashine, alimkuta amelala kwenye kiti cha wageni pembeni mwa mumewe, kichwa kimeegemea ukuta, mdomo wazi kidogo, mkoromo mwembamba ukimtoka.

"Nimwamshe?" nesi akanong'ona. "Anazuia njia ya dripu."

"Isogeze dripu," Baba Pacha akasema.

Nesi akaisogeza.